Dirisha la Bibi Pellegrina Lisizibwe kwa Dirisha

Prospero Figari,
Mbeba Masanduku Mkuu wa Gati (na wa pekee),
Nyumba ya waridi iliyopauka, ghorofa ya tatu,
Portamora.

Kwa Mheshimiwa Benedetta Razeto,
Meya wa Portamora,
Ofisi iliyo juu ya duka la mikate.

Mheshimiwa Meya, na pia Mama Mdogo,

YAH: OMBI LA KUFUTA AMRI YA KUZIBA DIRISHA LA KWELI NA KUPAKA DIRISHA LA UONGO MAHALI PALEPALE

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kwamba kiuno chako kimeacha visa. Sisi hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa mama yako mzazi, Bibi Pellegrina, ambaye ofisi yako imemwandikia kwamba dirisha lake litazibwa kabla wageni wa kiangazi hawajaanza kushuka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utauliza kwa nini namwandikia mtu ninayekula naye kila Jumapili. Kumbuka ni wewe mwenyewe uliyetaka. Jumapili iliyopita nilipotaja tu dirisha, hata sahani ya tambi haijanifikia, ulisema, "Prospero, mambo ya ofisi yaletwe ofisini, kwa maandishi, kama unajua kuandika." Baba Mdogo Agostino akacheka mpaka akapaliwa. Haya, Mheshimiwa, maandishi ndiyo haya. Ni kweli nilikaa shule ya ufundi miaka miwili tu, na tulipoachana, mimi na shule, hakuna upande uliolia. Lakini kuandika najua, na kwa kusema sina mpinzani kuanzia gatini mpaka kanisani. Naweza kumwambia mgeni "sanduku hili zito, mama, umemtia mume ndani?" kwa lugha sita, na kwa zote sita huwa wanacheka, ila Wajerumani hufungua sanduku kwanza kuhakikisha.

Sasa naingia kwenye malalamiko. Nimeyapa namba, kwa sababu karani wako aliniambia kwamba barua isiyo na namba haisomwi, hukunjwa na kutiwa chini ya mguu wa ile meza yenu inayoyumba.

1. Kwamba madirisha ya uongo tunayo ya kutosha.

Ulizaliwa katika nyumba hii, kwa hiyo sikufundishi, nakukumbusha. Ukuta wetu unaotazama bahari una madirisha kumi na mawili, na yanayofunguka ni matano. Saba yaliyobaki ni rangi tupu. Fremu ni rangi, vibao vya kijani ni rangi, kivuli chini ya fremu ni rangi, na hata ile taulo inayoning'inia ghorofa ya pili ni rangi, na imening'inia pale tangu enzi za babu wa babu bila kukauka. Wazee wetu mkono wao ulikuwa mgumu lakini walipenda kuonekana, na dirisha la rangi halitaki kioo, halitaki seremala, wala haliibiwi. Mji mzima uko hivyo. Wageni hushuka kwenye boti, husimama midomo wazi, hupiga picha, kisha huanza kubishana lipi la kweli na lipi la uongo, na hapo mimi huweka masanduku chini nikapumzisha mgongo. Kwa hiyo sina ugomvi na rangi. Rangi inanilisha.

Lakini mtu mwenye madirisha saba yasiyofunguka, ukija kumnyang'anya moja kati ya yale matano yanayofunguka ili umpe la nane lisilofunguka, huyo hujampamba. Huyo umemfungia ndani, halafu ukampaka uso ucheke.

2. Kwamba la kweli limeitwa la uongo, na la uongo limeitwa la kweli.

Amri mliyobandika mlangoni kwetu inasema kwamba uwazi wa ghorofa ya tatu, wa kwanza kutoka kulia, "ulitobolewa bila kibali na unaharibu sura halisi ya mji wa kale." Sikukurupuka. Nilikwenda kumtafuta mkaguzi wenu wa majengo ya kale, Dokta Tassara, yule anayevaa skafu hata mwezi wa Agosti, nikamkuta gatini anakula dagaa wa kukaanga kwenye karatasi. Nikamuuliza kwa heshima zote dirisha halisi ni lipi. Akafuta vidole kimoja kimoja, akatoa picha ya zamani ya ukuta wetu. "Tazama, kijana. Hapa palikuwa na dirisha la rangi, lenye vibao nusu wazi na chungu cha mrehani cha rangi. Hilo ndilo halisi. Hili la bibi yako ni la kughushi."

Nikamwambia, "Dokta, lakini hili linafunguka."

Akasema, "Hapo ndipo lilipokosea." Akaendelea na dagaa wake.

Nimelilalia jibu hilo siku kadhaa na bado sijalielewa. Dirisha ambalo Bibi hutoa kichwa akamkemea muuza samaki, hutoa mkono akaanika soksi zangu, hushusha kikapu kwa kamba akapandisha mkate wa moto, hilo ni la kughushi. Na lile ambalo hata nzi hawezi kuingia ndilo la kweli. Kama ni la kughushi, Mheshimiwa, basi lina bidii kuliko yale halisi yote saba.

3. Kwamba dirisha hili lina mwenyewe.

Habari hii unaijua, lakini huyu Dokta haijui, na barua zenu najua husomwa na wengi, kwa hiyo naisimulia.

Babu Bartolomeo, baba yako, alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Akiwa baharini alikuwa mtu wa maana. Akiwa nchi kavu alikuwa mtu wa kugusa vitu. Safari moja ya kurudi nyumbani, akiwa hajui la kufanya na mikono yake, alichukua nyundo akatoboa ukuta pale penye dirisha la rangi. Kile chungu cha mrehani kikaanguka chini vipande vipande vya plasta. Hakuomba kibali cha manispaa, wala hakuomba kibali cha mke wake, ambaye alirudi kutoka sokoni akakuta bahari imeingia chumbani kwake. Babu alikuwa amesimama katikati, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani mpaka kwenye kanda mbili. Akasema, "Pellegrina, sasa utaiona meli yangu ikizunguka rasi." Bibi akasema, "Na vumbi hili atafagia nani?"

Hayo ndiyo mapenzi ya Portamora. Sisi hatuna mengine.

Tangu siku hiyo kiti cha Bibi kikawekwa pale. Meli ikitokeza kwenye rasi, alibandika maji ya tambi. Babu alikuwa mtu wa kuchelewa. Akisema Jumanne, jua ni Ijumaa. Meli ikishafunga kamba, yeye bado anaagana na sufuria. Maji yalichemka yakakauka, yakaongezwa, yakakauka tena. Halafu ikaja ile safari ambayo meli ilizunguka rasi, na maji yakabandikwa, na aliyepanda ngazi alikuwa nahodha, kofia mkononi. Homa ya mapafu. Walimzika Montevideo, ng'ambo ya bahari. Wewe, Mheshimiwa, ndiyo kwanza ulikuwa unang'oka meno ya mbele.

Bibi hakuondoka dirishani. Nilipozaliwa nilimkuta pale. Nimejifunza kusoma kwa majina ya meli zilizopita mbele ya kiti chake, ndiyo maana mpaka leo mwandiko wangu ni wa herufi kubwa. Kwa hiyo ukiziba hapo huzibi tundu la ukuta. Unamwambia mjane wa miaka themanini na nne ageuze kiti atazame matofali. Mimi ni mbeba masanduku, nimezoea vitu vizito, lakini hili halina mahali pa kushika.

4. Kwamba lalamiko hili ni la rangi.

Halina kitu ndani. Nimelipaka tu hapa ili ukurasa upendeze, maana matatu upande huu na matatu upande ule bila kitu katikati, barua ilionekana imepinda. Likitazamwa kutoka gatini, hasa jua likiwa linazama, huwezi kulitofautisha na malalamiko mengine. Nina hakika Dokta Tassara atalipenda kuliko yote.

5. Kwamba Bibi amekwisha kuwa mchoro, na mchoro hauzibwi.

Mheshimiwa, tulia hapa, hili ni la kisheria.

Unamfahamu Ornella, yule kiongozi wa watalii wenu mwenye mwavuli wa njano na kitambulisho cha manispaa shingoni. Mwezi uliopita alishusha kundi zima kwenye boti ya asubuhi, akalisimamisha chini ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nyuma na masanduku yao. Akainua mwavuli: "Na pale juu, ghorofa ya tatu, mnaona kazi bora kuliko zote za Portamora. Bibi kizee dirishani. Angalieni mikunjo ya mikono, angalieni lile bakuli la maharage. Jina la mchoraji halijulikani."

Bibi alikuwa amesinzia. Mimi nikanyamaza, kwanza kwa sababu si adabu kumkatiza mtu kazini, pili kwa sababu Ornella akieleza jambo huinua shingo, na shingo hiyo ni ya kutazamwa. Wageni wakapiga picha. Bwana mmoja Mholanzi, mrefu kama mlingoti, akawaeleza wenzake kwamba ufundi wa namna hiyo umeshakufa duniani, siku hizi watu hawajui kupaka ngozi ya mzee. Hapo Bibi akapiga chafya.

Mholanzi aliketi kwenye ngazi za gati akaomba maji. Mama mmoja alitaka kujua inaendeshwa na umeme au betri. Ornella akanigeukia. "Prospero, ulijua?" Nikamjibu, "Nilijua, dada, lakini ulikuwa unaeleza vizuri mno." Tangu siku hiyo hanisemeshi, na huo nao ni uharibifu, ingawa sikuupa namba yake.

Sasa fuata hoja yangu, ni nyepesi. Sheria yenu inasema kwamba michoro yote ya kale upande wa bahari inalindwa: haiguswi, haifunikwi, haisogezwi. Mtu mwenye kitambulisho chenu amemtangaza Bibi kuwa mchoro wa kale. Wageni wamemkubali. Picha zimekwenda mpaka Uholanzi. Basi Bibi analindwa, na mtu atakayeweka tofali mbele yake atakuwa ameharibu urithi wa mji, na adhabu yake imeandikwa kwenye kile kibao kilicho karibu na choo cha umma. Kwa upande wangu nitatimiza wajibu. Naahidi Bibi atakaa bila kutikisika saa zote za wageni, isipokuwa chafya, ambazo hata ninyi hamna mamlaka nazo. Na kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, nitampangusa vumbi kwa brashi laini.

6. Kwamba tukiamua kurudisha, turudishe vyote.

Ile picha ya Dokta Tassara niliiomba, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia cha Mama Nicoletta, jirani yetu wa nyuma, yule ambaye mlango wake unatazama uchochoroni na ambaye huiba karata akicheza. Chini ya ukuta wetu, katika picha hiyohiyo, amesimama Meya wa zamani zile pamoja na baraza lake. Mheshimiwa, ana masharubu yanayokaribia masikio.

Sasa, kama sura halisi ya mji wa kale ni ile iliyo kwenye picha, basi kwa heshima na taadhima naomba utaratibu huohuo ufuatwe katika ofisi yako. Sisemi uondoke, la hasha, umechaguliwa. Masharubu yapakwe tu. Fundi Gerolamo, mpaka rangi wenu, anaweza. Kivuli chini ya pua ni kazi ndogo kwake.

Na kwa nini tuishie kwenye picha? Kabla ya nyumba palikuwa na mwamba na mbuzi. Mbuzi ndio wenye mji. Waletwe, wafunguliwe gatini, Dokta awakague pembe. Na kabla ya mbuzi, anavyosema padri, bahari ilifika mpaka mlango wa kanisa. Basi tuondoke sote, tupande mlimani na vitanda vyetu, tuiachie bahari nafasi yake halisi. Wageni watakuja na boti zao kutazama mahali ambapo Portamora ingekuwepo, Ornella atawaonyesha maji kwa mwavuli, na mimi nitabeba mbuzi.

7. Kwamba kuna mbeya.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, ndiyo maana nimeliacha mwisho. Dirisha hili limekaa miaka yote hiyo bila mtu kulisema. Mameya wamepita chini yake, maaskofu wamepita chini yake, na Bibi amewapungia mkono. Leo ghafla limekuwa haramu. Kwa nini?

Karani wako, baada ya mimi kumnunulia kipande cha mkate wa mafuta na vitunguu, alinifungulia roho. Kumbe kuna mtu alipiga simu. Hakutaja jina. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyezibwa mdomo, haijulikani ni ya mwanamume au mwanamke, ikasema, "Kule kwa akina Razeto, ghorofa ya tatu, kuna dirisha haramu. Njooni mlizibe. Na msingoje baridi." Kisha akauliza mara mbili kama gharama ya kuziba ni ya manispaa. Karani alipoona mambo yamekuwa makubwa akakupa simu wewe mwenyewe, na wewe ukafunga mlango.

Mbeya, na tena bahili. Nimewapitia watu wote kichwani. Muuza mikate hana muda. Muuza samaki Bibi humkemea kila asubuhi, lakini huyo hawezi kusema kwa sauti ya chini hata ukimlipa. Namshuku Mama Nicoletta, maana mtu anayeiba karata anaweza kuiba na dirisha. Nikimjua ni nani, nitambebea masanduku yake mpaka juu kabisa ya ngazi za mji bila kumtoza kitu, kisha nitayarudisha yote chini.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa sikiliza hali ya mama yako, kwa sababu wewe humwona Jumapili tu akiwa amevaa shanga, mimi humwona siku zote.

Fundi Gerolamo alipokuja kupima dirisha, mimi nilimpokea kwa maneno yanayomstahili. Nikamwambia, "Karibu, fundi, umekuja kumzika mtu akiwa hai?" Akasema, "Punguza, Prospero. Nikimaliza, dirisha langu litakuwa dirisha kuliko hili. Njiwa watakuja kujigonga. Na paka nitamwongeza bure." Lakini Bibi hakumfokea. Alimkaribisha kahawa. Akamuuliza ukuta utakuwa mnene kiasi gani, na upepo je, hautapenya, na kazi inaanza lini, na haiwezekani kuanza mapema zaidi? Mheshimiwa, huyo ni mtu aliyekata tamaa, anayetaka yaishe. Juu ya paka alisema maneno mawili tu, kwa sauti kavu: "Paka sitaki." Nikatoka nje kwa uchungu.

Tena ameanza kukihamisha kiti. Kila siku nakikuta kimesogea kuelekea jikoni, upande wa nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayejizoesha kuagana. Na juzi nilimsikia na Mama Nicoletta wanacheka huko jikoni, kicheko cha kupiga meza. Nimesikia kwamba huzuni ikizidi kipimo hutokea hivyo. Sikuingia. Nilimwacha ahuzunike.

Kwa hayo yote naomba amri ifutwe, dirisha liachwe, na Bibi aandikishwe rasmi kuwa mchoro. Ikiwa ofisi yako itakataa, itanibidi nisimame gatini boti zinaposhusha watu, na fimbo ndefu mkononi, nikigonga madirisha ya mji moja baada ya jingine mbele ya wageni: hili la kweli, hili la rangi, hili la kweli, na yale maua mekundu kwenye roshani ya Meya ni ya plastiki. Sipendi kufika huko. Lakini nina fimbo.

Nakomea hapa kwa kuwa boti ya asubuhi imeshapiga honi, na Ornella yuko chini ananitazama kwa namna ya kutonitazama.

Msalimie Baba Mdogo Agostino, mwambie atafune polepole. Msalimie karani na meza yake. Msalimie Dokta Tassara na skafu yake, Fundi Gerolamo na njiwa aliowaumiza. Mama yangu, dada yako, amepiga simu kutoka Torino kazini kwake, anakusalimu na anasema mambo ya dirisha hayajui na hataki kuyajua. Mama Nicoletta simsalimii mpaka uchunguzi ukamilike.

Mimi, raia wako siku za kazi na mwanao siku za Jumapili,

Prospero Figari.

NYONGEZA

Mama Mdogo (hapa naliacha lile la Mheshimiwa),

Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba nilipoona si haki barua ya kumtetea mtu iondoke bila mwenyewe kuisikia. Nikaifungua, nikamsomea Bibi jikoni, kwa sauti ya padri, huku anamenya maharage. Namba tatu niliisoma polepole ili apate nafasi ya kulia. Hakulia. Alisikiliza, akamenya. Namba saba ndiyo aliyoiangulia kicheko mpaka bakuli likamwagika. Kisha akasema, "Prospero, mwanangu, huyo mbeya ni mimi."

Alipigia kwa simu ya Mama Nicoletta, leso mdomoni. Nikamuuliza kwa nini, kama alitaka lizibwe, hakuita fundi tu. Akanitazama kama mtoto asiyejua kujifunga viatu. "Nikiziba mwenyewe nalipa mwenyewe. Nikishtakiwa, inalipa manispaa."

Anasema upepo wa dirisha hilo unamla magoti tangu siku lile vumbi lilipofagiwa, na aliyelifagia ni yeye. Bahari anaijua, anasema, haina jipya, inakwenda inarudi. Alichotaka maisha yake yote ni dirisha la nyuma, la uchochoroni, ambako watu wanapita, wanagombana, wanasengenyana. Lakini Babu alitoboa bila kuuliza, na alipokuwa tayari kumwambia, hapakuwa tena na wa kumwambia. Nikamuuliza, na sauti ya padri ilikuwa imeniishia, kwa nini basi hakutuambia sisi. Akasema, "Mlikuwa mnanitazama pale, wewe na mama yako na Benedetta, kama mnatazama madhabahu. Ningeanzaje kuwaambia nimechoka kumngoja?"

Kisha akaniambia la kunimaliza kabisa, kwamba wewe ulijua. Ulipopewa simu ile na kufunga mlango, ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamwambia mkaguzi atakuja, halafu ukamuuliza kama amemeza kidonge cha presha. Naye mbeya akajibu ameshameza. Kwa hiyo katika Portamora nzima asiyejua alikuwa ni mimi, ambaye kwa kawaida hujua kila kitu. Jumapili usicheke sana. Na Mama Nicoletta naye msalimie.

Naomba basi malalamiko yangu yote yafutwe, isipokuwa la namba nne, ambalo limebaki kuwa ndilo pekee la kweli. Badala yake tunaomba kibali cha kutoboa dirisha upande wa uchochoroni, ambako hakuna mgeni anayepita wala mkaguzi anayeinua macho. Kibali kikichelewa, nyundo ya Babu ipo chini ya kitanda changu.

Limebaki moja. Fundi Gerolamo aambiwe kwamba pale mbele, pakishazibwa, Bibi hataki chungu cha mrehani. Anataka apakwe yeye, ameketi, na nywele nyeusi, kama alivyoachwa. Dokta Tassara utajua mwenyewe utakavyomweleza. Mimi nilimkumbusha Bibi kwamba Babu yuko Montevideo na kaburi lake lina jina. Akasema anajua, hajawa mjinga, ila yule mtu siku zote alikuwa wa kuchelewa, na makaratasi ya mbali huwa yanakosea.

"Akizunguka rasi, akute mtu dirishani," akasema. "Mimi nitakuwa huku nyuma na Nicoletta, nacheza karata. Na mwambieni asiniite kabla mchezo haujaisha."